Umri wa Kompyuta na Tadbiri ya Mwisho Wake

Kompyuta haizeeki kwa mkupuo mmoja. Kila kiungo chake kina muda wake, na mwenye dhamana ya mitambo ya ofisi hana budi kukitambua kiungo kilichochoka kabla ya kuihukumu mashine nzima. Iangalie ile betri ndogo ya mviringo, CR2032, yenye nguvu ya volti 3, iliyopachikwa juu ya ubao mama: ikiisha, kompyuta husahau tarehe kila inapokatwa umeme, na kwa kuwa saa yake imepotea, kivinjari huviona vyeti vya usalama vya tovuti za benki kuwa batili, kikakataa kuzifungua, hata karani akaamini kwamba mashine imekufa, ilhali dawa yake inauzwa kwa fundi saa. Kadhalika ile inayochelewa kuwaka kwa sababu ya diski ya sahani zinazozunguka, ikitiwa diski ya SSD isiyo na sahani na feni yake ikafutwa vumbi, aghalabu hupata miaka mingine ya kazi.

Walakini upo uzee usiotibika kwa bisibisi, nao ni kukoma kwa matunzo ya programu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta isiyo na moduli ya usalama ya TPM 2.0 wala yenye prosesa ya zamani. Basi mashine nyingi za mwaka 2016, zingali na siha ya mwili, zilikosa pa kwenda. Muhula huo ulijulikana tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, na aliyeutia daftarini alipata wasaa wa kudunduliza fedha na kuamua zipi zihamie Linux, zipi zilipiwe nyongeza ya muda, na zipi zistaafu.

Na kustaafu si kurundikwa stoo; sharti diski ifutwe kabisa kwanza. Kufomati diski kwa haraka hufuta fahirisi tu. Orodha za mishahara na taarifa za wagonjwa husalia mpaka ziandikiwe juu, na SSD huhitaji amri yake maalumu ya kujifuta. Hizo ni amana za watu, zinazolindwa na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

Kwa hiyo kila mashine, siku iingiapo ofisini, iandikiwe tarehe ya kununuliwa, viungo vitakavyobadilishwa, siku ya mwisho wa matunzo, na jina la atakayethibitisha kwa sahihi yake kwamba diski imefutwa.