Gari Linapochemsha, Lisitibiwe kwa Kubahatisha

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa njiani kwenda Bagamoyo kumjulia hali shangazi yetu mgonjwa, tukakwama katika foleni ya Mwenge. Gari letu ni dogo, la injini ya lita 1, na halina mshale wa joto. Lina taa mbili tu: ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikichemsha. Nyekundu ikawaka. Tukazima injini na kulisukuma gari kando.

Kijana mmoja msamaria alikuja na chupa ya maji, akanyoosha mkono kufungua kifuniko cha rejeta. Mama yetu akamzuia: "Mwanangu, ngoja lipoe kwanza." Alimwokoa. Maji ya rejeta hufungiwa kwa shinikizo, hata yakapita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, hufoka na kumbabua aliye mbele yake.

Fundi wa kwanza hakuuliza lolote. Aling'oa themostati akidai kwamba katika nchi ya joto haina kazi. Tukalipa, tukashukuru. Wiki ileile likazuka la pili: silensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikawa juu muda mrefu kila asubuhi. Taa ya buluu ilikawia kuzimika, na petroli ikaisha upesi. Foleni nayo ilipokuja, nyekundu iliwaka kama awali.

Fundi wa pili alianza kwa swali: "Linachemsha likiwa limesimama au likiwa mwendoni?" Tukamjibu kuwa ni likisimama, likishika njia hupoa. Akaeleza kwamba gari likienda, upepo hupoza rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo, angeanza kushuku rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au themostati iliyokwama. Akawasha kiyoyozi, ambacho hulazimisha feni kuzunguka. Feni kimya. Akaiunganisha moja kwa moja na betri. Kimya vilevile. Mota yake ilikuwa imekufa.

Na silensa? Themostati ni mlango unaofunguka maji yakifika nyuzi 80 na ushei. Ulipoondolewa, maji yalizunguka kwenye rejeta tangu mwanzo, injini ikachelewa kupata moto. Kompyuta ya gari, ikidhani bado ni baridi, ikaongeza petroli na mzunguko. Kumbe tiba ya kwanza ndiyo iliyozaa maradhi ya pili.

Tulifunga feni na themostati mpya, tukajaza kulanti, na silensa ikatulia.

Tunawausia wenzetu wenye familia: kabla ya safari, kagueni kulanti injini ikiwa baridi. Mwelezeni fundi tatizo hutokea lini, kisha mwombeni athibitishe kifaa ni kibovu kabla hamjanunua kingine. Mkiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au maji yanapungua pasipo kuvuja huku moshi mweupe ukizidi, msiliendeshe tena. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Taa nyekundu ikiwaka, simameni. Dakika chache za ukaidi zaweza kupinda hedi na kuua injini nzima.

Kwa shangazi tulifika wiki tatu baadaye. Alhamdulillahi, tulimkuta amekaa barazani.