Askofu Aliyelazwa Ukutani

Mkristo wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, aliyezoea kuona padri akizikwa ardhini katika makaburi ya misheni na msalaba ukisimikwa kichwani pake, akijaliwa kuingia kanisa la Santa Maria del Popolo mjini Roma atakuta makaburi mawili ya makardinali yaliyopandishwa ukutani kwa marumaru, na juu ya kila jeneza la mawe amelazwa kardinali mwenyewe, si kwa unyoofu wa maiti, bali kajiegemeza mkono mithili ya mtu aliyepitiwa na usingizi wa mchana. Makaburi hayo aliyachonga Andrea Sansovino kwa amri ya Papa Julius II, katika miaka iliyofuata 1505, zama ambazo Wazungu huziita Renesansi. Na si haba wanaoyatazama wakasema kwamba ni majivuno ya matajiri waliovaa joho la dini.

Fahari imo, wala siikani. Lakini kaburi la namna hii lina mpango wake, na katika mpango huo ndimo imo maana yake: chini, jeneza na maandishi ya jina, juu yake, sanamu ya marehemu katika mavazi ya ibada, nyuma yake, tao, na ndani ya duara la tao, mara nyingi, Bikira Maria amempakata Mwanawe. Kwa itikadi ya Kanisa, roho iliyo toharani husaidiwa na sala za walio hai, na kwa sababu hiyo marehemu aliwekwa karibu na altare, ili kasisi asomapo Misa na waumini wapitapo wauone uso wake, walisome jina lake, wamwombee. Na jamaa waliogharimia marumaru waliweka pia wakfu, Misa zisomwe kwa ajili yake mwaka hata mwaka. Pasipo sala hizo, kazi ya mchongaji ilikuwa nusu.

Mimi napenda kupita yote kaburi la Benozzo Federighi, Askofu wa Fiesole, aliyefariki mwaka 1450, ambalo Luca della Robbia alipewa kulitengeneza mwaka 1454 na ambalo sasa limo katika kanisa la Santa Trinita, Firenze. Askofu ni wa marumaru, lakini pambizo lililomzunguka ni la maua na majani ya vigae, udongo uliochomwa, ukapakwa rangi yenye bati, kisha ukarudishwa motoni hata ukang'aa kama kioo. Mtu wa Ufipa ataifahamu hekima ya kazi hiyo pasi na maelezo mengi, kwa kuwa wazee wake walijenga malungu, matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, ambamo hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivukuto, wakayeyusha humo mawe yenye chuma wakapata majembe.

Kwamba Ufipa haikurithi makaburi ya ukutani, sababu si ufukara peke yake. Mapadri Weupe walioleta Ukatoliki Ufipa, shirika alilolianzisha Askofu Mkuu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, walipokabidhiwa boma la Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, Ulaya ilikuwa imekwisha kuwahamishia wafu wake viwanja vya nje ya miji kwa kuhofia maradhi. Na Sheria ya Kanisa ya 1917, mwaka ule ule alipofariki Karema Askofu Adolphe Lechaptois, ikakataza maziko ndani ya kanisa isipokuwa kwa wachache, maaskofu wa majimbo wakiwamo. Lavigerie mwenyewe alizikwa katika kanisa kuu alilolijenga Carthage, na mwaka 1964 mabaki yake yakahamishiwa Roma. Sheria ya 1983, katika kanuni ya 1242, imeuhifadhi mlango huo mwembamba: Papa, makardinali, na maaskofu wa majimbo, hata waliostaafu, kila mmoja katika kanisa lake.

Kwa hiyo Askofu wa Sumbawanga, jimbo lililoitwa Karema hadi mwaka 1969, anayo ruhusa ya kulazwa ndani kama alivyolazwa Federighi. Na endapo mafundi wa Ufipa wataagizwa siku moja kumtengenezea mahali ukutani, natamani kwa dhati wasihangaike na marumaru ya ng'ambo, bali wachimbe udongo wao, wachonge juu yake majani ya ulezi, kisha wauchome.