Je, Wajua? Maji ya rejeta yanaweza kupotea bila tone kuanguka chini

Kiangazi cha Lewisville, kaskazini mwa Dallas, joto hupita nyuzi 38 za Selsiasi, na foleni ya barabara ya I-35E huzitesa pikapu. Gari linachemsha, unaongeza maji, kesho yamepungua tena, na sakafu ni kavu.

Anza na mfuniko wa rejeta, kifaa cha bei ndogo kinachopuuzwa mno. Kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 106 hivi. Mfuniko mzima wa psi 15 hukisukuma kiwango hicho hadi karibu 129. Ukilegea, kulanti huchemka mapema na kutoka kama mvuke.

Mfuniko ukiwa mzima, ishuku gasketi ya silinda hedi. Ikiungua, maji huingia kwenye silinda na kutokea ekzosi kama moshi mweupe wenye harufu tamu. Fundi makini huvuta hewa ya rejeta ipite kwenye dawa ya buluu: kwa injini ya petroli, ikigeuka njano, gesi ya silinda imeingia kwenye maji.

Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Kulanti iliyomwagika isafishe mara moja: ni tamu, na huua mbwa na watoto.