Mkonge Huachiwa Majani

Mkata mkonge wa Kimamba hakati kila jani analoliona. Hukata ya chini, yaliyokwisha kulala, akaacha takriban 20 yaliyosimama katikati, kwa sababu hayo ndiyo yanayoulisha mmea mpaka zamu yake irudi. Mmea uliotunzwa hivyo huanza kukatwa ukiwa na miaka miwili au mitatu, na katika uhai wake hutoa majani 200 hadi 250 kabla ya kuchomoza mlingoti na kufa. Ukinyang'anywa mengi kwa mkupuo, hudumaa: majani yanayofuata huwa mafupi, na singa fupi hushushwa daraja sokoni. Tunapozungumzia wafanyabiashara wanaopata fedha nyingi huku wakikwisha wenyewe, sioni pa kuanzia pazuri kuliko mji huu mdogo wa Reli ya Kati. Kosa tunaloliita bidii lilishafanywa katika mashamba ya mkonge ya nchi hii, tena kwa kiwango kikubwa.

Mwaka 1942 Japani iliziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, na nchi za Washirika zikakosa vyanzo vikuu vya nyuzi za kamba za meli. Tegemeo likawa Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwa mbele. Mashamba yakakatwa kupita kipimo na watu wakaandikishwa kazi kwa lazima. Singa zilipatikana, lakini zilikopwa kwenye mimea: Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, mashamba mengi yalikuwa yamechoka na yalitaka kupandwa upya. Ninachotaka mwenye biashara akitazame kwa makini ni kwamba wakati wa kukata kupita kiasi, hesabu hupendeza. Daftari la mauzo halina safu ya majani ambayo hayataota miaka miwili ijayo. Chukua mwenye duka ambaye pia ana mashine ya kusaga na uwakala wa fedha kwa simu, anayefungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 4 usiku, siku saba za juma. Mauzo yakipanda miezi sita mfululizo, atayachukulia kuwa ndiyo ushahidi kwamba yuko sahihi, kumbe anasoma hesabu ya majani yaliyokwisha kukatwa.

Uchovu wa mwenye biashara anayejikata hivyo si uvivu wala udhaifu wa moyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali itokanayo na kazi, yenye dalili tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kupungua. Hiyo ya tatu inahusu fedha moja kwa moja. Aliyechoka hukosea chenji, hukopesha asiyestahili, huwajibu wateja vibaya. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilieleza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, likilinganishwa na saa 35 hadi 40. Mwenye duka wetu anafikisha 112. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa wiki ya saa 45 za kawaida na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwenye mali hana sheria ya kumtoa dukani jioni.

Kuna watakaosema mkonge haukuangushwa na panga la mkataji. Ni kweli. Nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964, kisha nyuzi za plastiki zikavunja bei, na utaifishaji wa 1967 ukaukuta uchumi wa zao umekwisha kuyumba. Lakini bei ilipoanguka, shamba lenye mimea mizee na lisilo na kitalu halikuwa na cha kujishikizia. Akiba ya nguvu haizuii dhoruba; humpa mtu uwezo wa kufikiri dhoruba ikifika.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye mtaji mdogo: nikifunga, watoto watakula nini? Namheshimu anayeuliza hivyo, na simwambii afunge. Mkonge nao haupumziki kwa kuachwa bila kukatwa. Hukatwa kwa kipimo. Kipimo cha biashara ni kujua kazi ipi lazima ifanywe na mwenyewe na ipi mwingine anaweza kufundishwa. Mashine ya kusaga inaweza kuendeshwa na kijana mwenye daftari linalokaguliwa kila jioni. Mkopo wa kutanua biashara hauna haja ya kuchukuliwa kabla kijana huyo hajaaminika. Tofauti ya kukuza biashara na kuirefushia saa iko hapo, na wengi huichanganya kwa sababu zote mbili huongeza mauzo mwanzoni.

Wilayani Kilosa, ilipo Kimamba, fedha huingia baada ya mavuno ya mahindi na mpunga, kuanzia Juni. Anayetafuta msaidizi Julai, foleni ikiwa imefika mlangoni, atamwachia kazi mtu asiyemjua au ataifanya yote mwenyewe. Machi, mvua za masika zinaponyesha na wateja ni wachache, kuna muda wa kumfundisha.