Pinboli za Chicago (4): Rangi ya sanduku na haki ya fundi

Filamu inayomsimulia Roger Sharpe, yule mwandishi aliyecheza pinboli mbele ya madiwani wa New York mwaka 1976 na marufuku ya mchezo huo mjini humo ikaondolewa, imewafanya wasomaji kadhaa waniulize namna ya kupaka upya masanduku ya mashine za zamani. Nitajibu, ila nianze na marufuku yenyewe, kwani ndiyo iliyoangamiza mashine nyingi.

Mwaka 1942 Meya Fiorello La Guardia aliamuru zisakwe mji mzima. Alishika nyundo mwenyewe mbele ya wapiga picha, akazivunjavunja. Alidai zinawapora watoto wa shule senti zao. Wakati ule hoja ya kamari ilikuwa na uzito, kwa kuwa mashine hazikuwa na vibao vya kupigia, na gololi ilijiendea. Lakini mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa mashine ya Humpty Dumpty, yenye vibao sita, ustadi wa mchezaji ukapata nafasi. Sheria ikabaki palepale karibu miaka 30! Sheria isiyotazama mambo yalivyobadilika ni dhuluma, nami sitachoka kulisema.

Tuje kwenye sanduku. Mafundi wa Chicago walipuliza rangi ya msingi, wakaweka stensili ubaoni, wakapuliza ya pili, kisha mara nyingi ya tatu. Stensili haikushika sawasawa, hivyo rangi ilipenya chini yake na kuacha ukungu pembezoni mwa mchoro. Majina ya mafundi hao hayakuandikwa popote kwenye mashine. Kazi ya mikono yao tunaiona katika ukungu huo. Siku hizi wapo wanaobandika stensili za gundi, wakapata kingo kali kama wembe, wakajisifu kuwa wamekarabati. Wamemfuta fundi.

Kwa ufupi basi: piga picha, pima mchoro kutoka kila kona, uunakili kwenye plastiki angavu kabla ya kugusa msasa. Rangi halisi itafute chini ya vyuma vya pembeni, ambako jua halikufika. Rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi: lowesha msasa, vaa barakoa, watoto wakae mbali. Ziba mashimo, paka msingi, uache ukauke kabisa. Stensili ishikilie kwa vizito, usiigandishe, kisha puliza tabaka nyepesi.

Na kama mchoro wa awali bado unasomeka, nawasihi msiupake. Usafisheni, muuache.