Matayarisho ya Mwenye Kuazimia Uzamili wa Kompyuta

Kijana wa Kenyenya, katika Kaunti ya Kisii, aliyehitimu shahada ya kwanza, naye akaazimia kusoma uzamili wa sayansi ya kompyuta, hakosi chuo kikuu cha jirani, maana Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kilipata hati yake kamili mwaka 2013. Lakini ukaribu wa chuo si ukaribu wa elimu, na aghalabu huona taabu yule aliyedhani kwamba kujua kuandika programu kunatosha.

Vyuo vya Kenya kwa kawaida hutaka shahada ya daraja la pili la juu, au la chini pamoja na tajiriba ya kazi. Hilo ni sharti la kuingilia tu. Sharti la kudumu darasani ni jingine.

Ili kuliona sharti hilo, natutwae mfano wa daftari la wakulima wa chai lenye majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Mwenye kutafuta jina moja kuanzia ukurasa wa kwanza huenda akayasoma yote. Lakini akifungua katikati, akaiacha nusu isiyohusika, akaigawa tena iliyobaki, hatahitaji kutazama zaidi ya majina 10, na hata yakiwa 1,000,000, majina 20 yatamtosha. Mwandishi wa programu huridhika kuona kazi imekwenda. Mwanafunzi wa uzamili huulizwa kwa nini imekwenda, na kama yaweza kupatikana njia fupi kuliko hiyo, naye hana budi kujibu kwa burhani.

Kwa hiyo, mwaka mmoja kabla ya kuomba nafasi, na arejee mantiki, nadharia ya seti, aljebra ya matriki na hisabati ya uwezekano. Kisha miundo ya data na mifumo endeshi. Na kila wiki asome makala moja ya kitaalamu, aifupishe kwa maneno yake mwenyewe, kwani tasnifu huandikwa na mkono uliozoea. Mwalimu wa hisabati asiyesomea kompyuta naye asikate tamaa: msingi anao, amepungukiwa na mazoezi ya programu.

Yote hayo yawezekana hapo hapo Kenyenya, kwa daftari, kalamu na wenzi wawili watatu wa kusahihishana. Karo ya uzamili ni mzigo mzito kwa jamaa inayotegemea chai na ndizi. Basi isiende kulipia masomo ambayo kijana angeweza kuyapata nyumbani kwa bidii yake.