Mchanga wa Barberton na Hewa ya Kale

Katika milima ya Makhonjwa, karibu na mji wa Barberton, Afrika ya Kusini, ipo miamba ya mchanga uliotandazwa pwani yapata miaka milioni 3,220 iliyopita. Alama za maji kujaa na kupwa zingali zikionekana humo, pamoja na tando za vijidudu vilivyoishi juu ya mchanga huo. Je, vijidudu hivyo vilikwisha anza kutoa oksijeni? Hewani gesi hiyo haikuongezeka sana mpaka miaka milioni 2,400 hivi iliyopita.

Mwamba wa juu ya ardhi ni shahidi dhaifu. Mvua na hewa ya leo vimekishika chuma chake kutu, nayo kutu haisemi ni ya lini. Yafaa kushuka chini.

Kwa sababu hiyo wanajiolojia wa mataifa mbalimbali, chini ya mpango wa kimataifa wa ICDP, walichoronga mashimo 8 ya mshazari mwaka 2021 na 2022. Refu kuliko yote lilifikia mita 495. Zilitolewa nguzo nyembamba za mawe zenye jumla ya mita 2,900 hivi, zikaonyeshwa kwanza mjini Barberton, jambo la busara, kabla ya kupelekwa Berlin, Ujerumani.

Punje za pairiti zilizosombwa na mito bila kuoza huashiria hewa isiyo na oksijeni. Lakini oksijeni iliyotoka katika tando yaweza kuwa ilimezwa papo hapo na chuma cha baharini, isifike hewani kamwe.